Majina Hadharani, Siku Moyoni: Mama Léocadie Anapumzika

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Léocadie, mkuu wa ofisi ya ajira katika Ushirika wa Kazi na Mitaa hapa Kasongo, anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Tarehe aliichagua mwenyewe. Anasema nchi ilipata uhuru wake siku hiyo, na sasa ni zamu yake. Sisi tunaobaki ofisini hatucheki sana, kwa sababu tunaogopa, na nitaeleza tunachokiogopa.

Alianza kazi mwaka 2003, vita vilipotulia kidogo na mji ukiwa umejaa watu waliokimbia vijiji vyao bila jembe wala sufuria. Mitaa ya bondeni, nyuma ya soko, ilikuwa na vijana wenye nguvu walioshinda vibarazani tangu asubuhi. Wengine walikwenda Salamabila kutafuta dhahabu, na wengi wao hatukuwaona tena. Kazi ya Mama Léocadie ilikuwa kuwakutanisha waliobaki na wenye kazi: wafanyabiashara, shule, parokia, wenye kandarasi za barabara. Na kila kandarasi aliyoipata, alidai sehemu yake irudi mtaani walikotoka wafanyakazi. Ndivyo ilivyochimbwa mitaro ya soko, ndivyo bomba la maji lilivyofika bondeni, na ndivyo watoto wa huko walivyopata darasa lisilovuja.

Alikuwa na namna yake ya kuchagua watu. Hakumuuliza seremala cheti. Alikwenda nyumbani kwake, akaketi kwenye kiti alichokichonga mtu huyo na kujitikisa mara kadhaa. Mzee Faradji, ambaye mtaa mzima ulimkwepa kwa ugomvi, Mama alimpa kazi ya kulinda matofali ya soko. Halikupotea hata moja, maana hakuna aliyetaka kumkaribia.

Yeye mwenyewe ni mwoga wa pikipiki. Élysée, aliyemwendesha miaka mingi, anasimulia kwamba kwenye kila daraja la miti Mama alifumba macho, akashika rozari na kusali Salamu Maria. Miti ikianza kulia chini ya magurudumu, aliongeza na Bismillahi, asije akakosa msaada kwa kuchagua upande.

Lakini kazi iliyotubadilisha sote ni ile ya madaraja ya njia ya Kabambare. Tangu mwanzo Mama Léocadie alikuwa na desturi moja. Majina ya waliopata kazi yalisomwa mbele ya watu, Ijumaa msikitini baada ya swala na Jumapili kanisani baada ya misa, pamoja na siku ya kuondoka na njia ya kupita. Hapa kwetu kazi ikigawiwa kimyakimya, watu wanajua imeliwa na wajomba na mashemeji. Yeye alitaka kila mmoja asikie. Hakufikiri kwamba hata masikio ya njiani yanakuja kusali.

Siku ile ya kuondoka kwenda kujenga madaraja, mtaa mzima uliwasindikiza vijana mpaka mwisho wa mji. Akina mama walikuwa wamewafungia wali na sombe, yale majani ya muhogo, na nyimbo hazikukatika. Alasiri, kwenye kijito cha daraja la kwanza, watu wenye silaha walikuwa wamekaa wakiwangoja. Hawakuuliza nani ni nani. Waliwaita mmoja mmoja kwa majina, kwa mpangilio uleule uliosomwa kanisani, wakawatwisha vifaa na chakula chao wenyewe, wakaingia nao msituni. Habari ililetwa na mchuuzi mmoja wa baiskeli aliyejificha kichakani akasikia yote.

Mimi ni mtu wa kuogopa mambo mengi, lakini sijawahi kuogopa kama siku zile. Akina mama walikuja na mikeka, wakaanza kuitandika uani mwa ofisi. Kwetu mikeka ikitandikwa hivyo ni kilio, mtu amekufa. Mama Léocadie alitoka nje, akasema mbele yetu sote: «Mikeka muvingirishe. Hapa hakuna mufu.» Aliyemjibu ni Mama Djamila, mzazi wa kijana aitwaye Moustapha: «Ni weye ulisoma jina ya mutoto wangu mbele ya watu. Basi umuite arudi, na hiyo hiyo kinywa.»

 Mama Léocadie alitoa mabenchi ya ofisi, akawakalisha, akaketi kati yao. Kulipokucha alipanda pikipiki ya Élysée, akaenda kwa machifu, mapadri na maimamu wa vijiji vya njiani, akiomba watoto wa watu. Hakuna aliyeahidi kitu. Kila mbwa alipobweka mtaani, uani kwetu watu wote walisimama.

Vijana walitoroka, wakarudi kwa njia za msituni, wawili leo, mmoja kesho, wamekonda na miguu imevimba. Moustapha alikuwa wa mwisho. Alipotokea langoni, mama yake hakumkimbilia. Alimshika kwanza Mama Léocadie mkono, wakamwendea pamoja.

Tangu hapo kanuni ikabadilika: majina hadharani, siku moyoni. Majina yanasomwa bado, ili asiwepo wa kulalamika. Siku anaijua Mama peke yake. Kijana anagongewa mlango alfajiri na kuondoka kabla jirani hajawasha moto. Hilo lilituuma. Sisi ni watu wa kusindikiza. Hata mgeni wa saa moja tunamfikisha njia panda, sembuse mtoto wako wa kumzaa. Mama Djamila ndiye aliyepata njia. Jina la mtoto likisomwa, mama anamwekea mkono kichwani na kumuaga kila jioni, kana kwamba safari ni kesho. Asubuhi akimkuta bado amelala, anashukuru, na jioni anaanza upya.

Madaraja yale leo yamesimama, baiskeli za wachuuzi zinapita, na hakuna kikosi chetu kingine kilichovamiwa. Woga haujatoka. Mama Léocadie husema kwamba mtu asiyeogopa hafai kupewa kazi ya kutuma watoto wa wenzake. Labda ndiyo sababu kiti chake ameniachia mimi, Magloire, ambaye hata kivuli changu hunishtua.

Sasa anarudi kwao Kabambare kulima mpunga na karanga. Njia ni ileile, na majuma haya habari za upande wa Salamabila si nzuri. Tulipanga kukodi pikipiki na kumsindikiza kwa honi na nyimbo, kama anavyostahili. Alikataa katakata: «Nitaenda sawa vile nilikuwa natuma watoto ya watu.» Basi tangu tangazo la kustaafu kwake libandikwe mlangoni, kila jioni tukifunga ofisi tunapanga mstari na kumuaga, mmoja baada ya mwingine. Asubuhi tukimsikia anakohoa ndani, tunamshukuru Mungu kimoyomoyo na kujifanya tuna kazi nyingi.

Mama Léocadie, asante kwa kila kijana uliyemtoa kibarazani, kwa maji ya bondeni, kwa darasa, na kwa mabenchi yale. Tunakutakia mvua za wakati wake, mavuno yasiyoliwa na ndege, na uzee wa kulala usingizi mzito. Leo tutakula na kucheza pamoja nawe, na hakuna atakayekuuliza unaondoka lini. Ukifika, piga simu. Tutapokea hata katikati ya misa.