Kura Tatu za Mwalimu

Basi lilikuwa halijatoka Kisii, na mwalimu aliyeketi mbele yangu alikuwa ameshatueleza sote kwamba katika uchaguzi huu wa 1957, kwa sheria ya Waingereza inayowapa kura zaidi wenye elimu na mali, yeye ana kura tatu. Moja ya masomo, ya pili ya mshahara, na ya tatu labda ya tai. Mama mmoja wa Tabaka, aliyepakata kikapu cha vinyago vya mawe, akasema yeye hakupewa hata moja.

"Vumilia, mama," mwalimu akamwambia. "Hata Amerika, zamani walipiga kura wenye mashamba tu. Baadaye wakaruhusu kila mtu. Rais mpya akafungua nyumba yake, na wakulima wakapanda juu ya viti vyake na viatu vyao vya matope." Alisimulia kana kwamba alikuwepo.

"Hayo matope yalifagiliwa na nani?"

"Watumwa, nadhani."

"Nao walikuwa na kura?"

"Hapana."

"Na wake wa hao wakulima?"

"Bado, mama. Mambo haya huenda polepole."

"Sasa huyo kila mtu ni nani?"

Mwalimu akakaza tai ambayo haikuwa imelegea. Tulipofika Nyakoe alishuka mikono mitupu. Mkewe, aliyekuwa akimngoja kituoni, mtoto mgongoni, akapokea sanduku la vitabu vya mumewe kutoka kwa kondakta, akajitwika kichwani. Yule mama wa Tabaka akachungulia dirishani.

"Pole, dada," akamwambia. "Hizo ni kura tatu. Zisikuvunje shingo."