Meme Selma na Kituo cha Sitini na Nne

Meme Selma Nangombe, mama wa ofisi nzima kama jina “Meme” lisemavyo, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuhesabu vitu ambavyo sisi wengine tulishavikinai.

Aliajiriwa mwaka 1996, kampuni ilipokuwa bado inachapa vitabu vya namba za simu hapa Windhoek. Alihesabu kurasa kabla vitabu havijafungwa. Tulipohamia kutengeneza tovuti, wengi walidhani kazi yake imekwisha. Yeye akaenda kusoma, akarudi na programu inayofungua ukurasa yenyewe na kuhesabu vitufe, picha na mistari ya orodha. Idadi ikilingana na ile aliyoiandika, jaribio huwaka kijani. Ikipungua, nyekundu, na Meme husimama. Meme akisimama, chai zetu hupoa.

Oktoba 2017 tulikuwa tunakabidhi tovuti ya vituo vya mitihani kwa watahiniwa wa kujitegemea. Vituo sitini na vinne. Mashine ikahesabu sitini na vinne, kijani tupu. Meme akakataa kutia saini. Alikuwa ameufungua ukurasa kwenye simu yake na kuhesabu kwa kidole: sitini na vitatu. Meneja wetu, Tate Haufiku, alikuwa na mteja mezani na jasho shingoni.

"Meme, mashine imehesabu mara mia mbili leo!"

"Basi mashine ikafanye mtihani. Mimi kituo kimoja sikioni."

Kumbe kwenye simu tangazo la juu lilikifunika kituo cha kwanza. Mashine ilikihesabu, mtu asingekiona. Watahiniwa arobaini na mmoja wa kituo hicho cha kaskazini, karibu wote wenye simu tu, wasingejua pa kwenda Jumatatu, siku ya mtihani. Mteja alisubiri kwa saa mbili, kanuna. Tangazo hilo nililiweka mimi. Niliona aibu wiki nzima. Meme hakunitaja kwenye ripoti. Alinipeleka kula kapana, nyama choma ya sokoni, akahesabu vipande vya nyama muuzaji asitupunje.

Tangu hapo tunafuata sheria yake: idadi ikibadilika, hakuna kugusa namba iliyo kwenye jaribio mpaka uandike nani amepungua na kwa nini.

Ukurasa wetu wa wafanyakazi una picha kumi na saba, na jaribio lake alilitunga mwenyewe. Julai mosi picha yake itaondolewa, na jaribio litawaka nyekundu. Lazima mtu aandike sababu. Ofisi nzima imekwepa: huyu ana mafua, yule nywila yake imegoma. Nikabaki mimi. Nimeandika: "Amepungua Meme Selma. Amestaafu. Idadi sasa kumi na sita." Hakuna kosa hapo, lakini bado sijabonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Asante, Meme. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha kwenye shamba lako la uwele kule Ondangwa, na mbuzi wanaorudi jioni wakiwa wametimia. Sisi hatujatimia.