Fundi Jailosi Kambwiri, Macho Yake na Ukuta wa Kanisa

Mchungaji, wazee wa kanisa, chifu wetu wa Mtambalika na chifu mwenzake wa Gumbwa aliyetuvukia mto, wakwe zetu, na ninyi mafundi mliokuja bado mna saruji kwenye viatu, naomba mnisikilize mimi Dafuleni, mtoto wa dada yake marehemu, ambaye kwa desturi yetu ndiye wa kusimama hapa, ingawa Mungu anajua ningependa karatasi hii ishikwe na mtu mwingine.

Mjomba wangu Jailosi Kambwiri alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1950, hapa hapa Mtambalika, wilaya ya Dedza, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alianza kubishana kabla ya kuota meno. Alianza shule mwaka 1958, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, na mwaka uliofuata akapokelewa katika shule ya ufundi ya misheni, ambako alisomea uashi kwa miaka miwili. Huko ndiko alikopewa jina la Timazi, kwa sababu mwalimu wake alipotundika timazi kuupima ukuta wake, uzi ule na ukuta vilikuwa kitu kimoja, na mjomba, mnamjua mjomba, akamwambia mwalimu, "Ungeniuliza tu, ungeokoa uzi wako."

Mwaka 1970 alikwenda Lilongwe, wakati jiji lile lilikuwa bado vichaka na vigingi, akajenga huko miaka kumi na mmoja, na katika wiki yake ya kwanza alipangwa upande mmoja wa ukuta na kijana wa rika lake aitwaye Lasteni Gwaza, mjomba akianzia pembe hii na Lasteni pembe ile, wakikutana katikati, na tangu siku hiyo hawakuachana. Walirudi pamoja mwaka 1981, wakajenga shule ya Gumbwa, zahanati, nyumba ya walimu na nusu ya maduka ya pale sokoni, wakila nsima sahani moja na kutukanana kutwa nzima kwa raha zao. Watu waliwaita mke na mume, na Mama Enelesi mwenyewe alikuwa akimtania Lasteni, "Mke mwenzangu, leo umemlisha nini, mbona amerudi ameshiba?"

Alifunga ndoa na Mama Enelesi siku ya Jumamosi, tarehe 20 Septemba 1975, akawa mtu wa Gumbwa kwa wakwe zake, kama mume yeyote wa kwetu anavyofanya, ingawa kazi ilikuwa bado Lilongwe, akamjengea mkewe nyumba ambayo mpaka leo haina ufa hata wa kupitisha sisimizi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Tiyanjane mwaka 1977, Zione mwaka 1980 na Yamikani mwaka 1984, na ameacha wajukuu tisa. Aliwapenda wote, lakini aliwapenda kwa kelele, na asiyezoea angedhani anafukuza mbuzi.

Sasa nafika mahali pagumu, ndugu zangu, nivumilieni.

Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Agosti 2018, tulikuwa tunajenga chumba cha mchungaji nyuma ya kanisa hili, akina mama wakileta maji, wazee wakiwa wamekaa kivulini, mimi nikiandaa fremu ya mlango, kwa kuwa mimi ni seremala. Lasteni alikuwa amefika safu ya kumi na moja, mjomba akaja, akasimama hatua tano, akafumba jicho moja, kisha akapaza sauti mbele ya watu wote, "Lasteni, umekunywa nini leo? Ukuta huu umebeba mimba!" Lasteni akacheka, akidhani ni utani wao wa kila siku, akasema, "Mwenzangu, ukuta umenyooka." Mjomba akasema, "Mimi jicho langu halijawahi kunidanganya, wewe mikono yako imezeeka, bomoa!" Na sisi tukabomoa. Lasteni akauosha mwiko wake, akaufunga kwenye gunia, akaondoka, na hakurudi.

Mjomba akaujenga tena ukuta ule kwa mikono yake, akiunyoosha kwa jicho lake, na ukuta huo mnaujua nyote, ndio ule uliosogezewa kabati la vitabu vya nyimbo ili wageni wasilione tumbo lake. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ila habari zilivuka mto zikiwa za upande mmoja tu, huko sokoni wakasema, kama Timazi mwenyewe ameshindwa kuunyoosha, basi alivyouacha Lasteni ulikuwaje, na mtu aliyejenga miaka arobaini na minane akaanza kuitwa Fundi Kombo, kazi zikamkimbia, akaishia kutengeneza baiskeli.

Baada ya hapo watu walianza kulalamika kwamba mjomba ana majivuno, unampigia makofi ya salamu njiani, anapita na kukuacha umechutama. Yeye alisema ni chokaa imemwingia machoni. Basi mwezi wa Februari 2019, kwenye mavuno ya mahindi mabichi, mjomba akaja pale uani, akaona kitenge cha bluu kwenye mkeka, kama cha Mama Enelesi, akaketi kando yake, akaegemea bega, akasema, "Bibi wee, hiyo nsima inaiva leo au kesho?" Jamani, alikuwa mama mkwe wake! Mama mkwe ambaye kwa miaka arobaini na mitatu hawakuwahi kukaa mkeka mmoja wala kutazamana usoni! Bibi yule, miaka themanini na mitano, aliruka, akakimbia mpaka nyuma ya ghala, na mjomba akatoa kuku wa kuomba radhi. Tulicheka mpaka machozi, lakini Mama Enelesi hakucheka, alimfuata mumewe ndani akamwambia, "Baba Tiyanjane, hukumwona. Usinidanganye mimi."

Tarehe 12 Machi 2019, siku ya Jumanne, nilimpeleka hospitali kubwa Lilongwe. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimpa karatasi ya mistari kama daftari la hesabu, yenye nukta katikati, akamwambia afunike jicho moja aitazame nukta ile. Mjomba akaitazama, akasonya, akasema, "Binti, nani amewachorea hii? Mistari yote imepinda, na hapa katikati mmemwaga wino." Daktari akanigeukia, na mimi nikasema, "Mjomba, imenyooka." Akaniuliza, "Yote?" Nikamjibu, "Yote."

Daktari alieleza kwamba nyuma ya jicho, katikati kabisa, kuna sehemu ndogo ya kusomea na kutambulia sura za watu, sehemu hiyo huchakaa kwa baadhi ya wazee, na kwa mjomba mishipa mibaya imeota na kuvuja humo mpaka imeacha kovu, na kwamba zipo sindano za kuuzuia ugonjwa huo unapoanza, lakini kovu haliondoki tena. Akasema hatakuwa kipofu wa giza, pembeni ataendelea kuona, ila katikati pamekwenda. Mjomba hakuuliza habari ya sindano wala miwani. Alikaa kwenye benchi la nje, kofia mapajani, akasema, "Basi ukuta wa Lasteni," na hakumalizia.

Sitawaficha, miaka ile ya kwanza ilikuwa mibaya. Alitukataza tusimwambie mtu, alilala mchana ameugeukia ukuta, alitupa mwiko wake nyuma ya choo, na Mama Enelesi akaenda kuuokota, akaupaka mafuta, akauweka chini ya kitanda bila kelele. Taratibu akajifunza kuona kwa pembeni, kwamba ili akuone usoni inabidi atazame sikio lako, na sisi tukazoea kuzungumza na mtu anayeangalia paa. Mama Enelesi alimtania, "Ehe, ndiyo kusema ukitaka kuniona mimi lazima umtazame jirani?" Naye akamjibu, nilikuwepo, "Mke wangu, ukija katikati unapotea, ukikaa pembeni nakuona vizuri." Mama akasema, "Basi nitakaa pembeni." Tangu siku hiyo alikaa kushoto kwake, kwenye chakula, kanisani na barazani, na mjomba akawa haulizi tena yuko wapi.

Lakini kuna jambo halikumpa usingizi. Mwezi wa Oktoba 2021 aliniambia nimpeleke sokoni, nikamshika mkono mpaka penye baiskeli za Lasteni, akasema, "Ndugu yangu, ni macho. Ukuta ulikuwa mzuri. Nisamehe." Lasteni aliendelea kukaza spoku, kisha akasema, "Jailosi, nimekusamehe kitambo. Lakini ulinitukana mbele ya akina mama, wazee na watoto, halafu radhi unaniletea hapa nyuma ya baiskeli, tukiwa watatu? Mimi nikaile wapi radhi hii?" Mjomba akanishika mkono, tukarudi nyumbani. Alijua kwamba kusema maneno yale mbele ya watu ni kutangaza kwamba Timazi haoni, na hilo lilikuwa gumu kwake kuliko ugonjwa wenyewe. Ilimchukua karibu miaka miwili.

Jumapili iliyopita, tarehe 11 Juni, alimfuata mchungaji akaomba asimame kanisani Jumapili inayofuata, yaani keshokutwa. Kwa kuwa hakuweza kusoma, aliyakariri maneno yake na Mama Enelesi, akikosea anaambiwa, "Anza tena, mzee," naye anaanza tena. Siku ya Jumanne, tarehe 13, asubuhi, alianguka uani kwa kiharusi, tukamkimbiza hospitali ya wilaya, ulimi ukiwa mzito, na neno nililolisikia vizuri ni moja tu, "Useme wewe." Alifariki siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa sita na robo mchana, Mama Enelesi akiwa upande wake wa kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, mchungaji na kanisa, majirani wa Gumbwa mliopika na kuteka maji siku hizi tatu, kwaya ya akina mama, mafundi wenzake, na wachimba kaburi wetu, ambao tangu jana wako makaburini. Na hapa nawaambia jambo ambalo wengi hamlijui. Jana alfajiri, kabla ya wachimbaji kushuka, walimkuta mtu amekaa kwenye rundo la matofali, amekuja na mwiko wake kwenye gunia, hakuitwa na yeyote, akasema tu, "Nyumba ya Jailosi nitaijenga mimi." Tofali zote zilizomo kaburini zimepangwa na mkono wa Lasteni Gwaza, naye yuko pale nyuma, karibu na mlango, na wala hajanawa.

Basi nayasema maneno ya marehemu, kama Mama Enelesi alivyoyashika: "Mimi Jailosi Kambwiri macho yangu yameharibika katikati, na yalikuwa yameharibika siku ile. Ukuta wa Lasteni ulikuwa umenyooka. Aliyepinda ni mimi. Mnirudishie fundi huyu jina lake, mumpe kazi, maana kwa mkono hakuna wa kumpita."

Hayo ni yake, na haya ni yangu, ambayo hayamo kwenye karatasi. Siku ile, kabla mjomba hajaja, nilitundika timazi kwenye ukuta ule ili nipime fremu yangu, na uzi uliulalia ukuta toka juu mpaka chini. Niliona. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na nne, nikaogopa mdomo wa mjomba wangu, nikaweka uzi mfukoni, nikashika nyundo, nikabomoa pamoja nanyi. Kama ningefungua kinywa, Lasteni asingeondoka, na pengine tungefika kwa daktari miezi saba mapema, sindano ikiwa bado na kazi ya kufanya. Baba Lasteni, nisamehe, nakuomba mbele ya watu hawa wote.

Mjomba, nimesema. Wamesikia wote, naye amesikia. Sasa lala, upumzike.