Msiniguse Nikipanda

Msiniguse. Ngazi nimeshuka mwenyewe, na mpaka nimalize kusema asitokee wa kunishika hata kiwiko. Sogeeni tu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena langoni.

Volrad, mwanangu, usikunje uso. Ngome hii ni yako, na mashamba ya chini ya kilima ni yako, na msitu mpaka mtoni. Hayo siwezi kuyatoa bila ridhaa yako, wala sikuombi. Ninachotoa leo ni farasi majike walio zizini pamoja na watoto wao, na ninampa Gerburg, binti wa marehemu dada yangu Oda. Jana nilikusikia mezani ukiwaambia wenzako, "Mzee kitanda chenyewe anapandishwa, atapanda farasi?" Wakacheka mpaka bia ikawatoka puani. Mimi sikukasirika. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikageuka nikarudi kitandani bila kula, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, juu ya baba yangu.

Sheria yetu mnaijua. Anayetaka kutoa mali yake, akiwa amevaa upanga na kushika ngao, apande farasi kutoka kwenye jiwe lisilozidi dhiraa moja. Ataruhusiwa kushikiwa farasi na kikuku cha kukanyagia, basi. Akisukumwa au kuinuliwa, hata kwa kidole, zawadi imekufa palepale na mrithi anachukua vyote.

Baba alisimama juu ya jiwe hilihili, siku ya Mtakatifu Mikaeli, ili ampe Oda farasi majike wake. Mguu ukamtetemeka. Oda alikuwa nyuma yake, na alimpenda mno. Alipomwona anayumba akamtilia bega, mara moja tu, kama unavyomzuia mtoto asianguke. Nikapiga kelele kuliko wote: "Amesukumwa! Mmeona? Amesukumwa!" Sikusema uongo, na hilo ndilo lililonitafuna miaka yote: nilisema kweli ili niibe. Baba alinitazama kutoka juu ya tandiko, akashuka, na hakusema nami tena hadi tulipomzika. Oda aliondoka mikono mitupu, akawafulia watawa nguo, akafa vidole vimepasuka kwa baridi. Na kila farasi uliyewahi kumpanda, Volrad, ni uzao wa wale.

Gerburg, mpwa wangu, rudi nyuma. Zaidi. Nenda mpaka ukutani, uweke mikono mgongoni. Moyo wako ni wa mama yako, ndiyo maana nakuogopa wewe kuliko ninavyomwogopa Volrad. Nikiyumba, niache. Nikianguka, niache chini.

Volrad, njoo ushike kikuku. Ndiyo, wewe, simtaki mtumishi. Ukikilegeza kidogo tu nitavunjika shingo, farasi watakuwa wako, na hakimu Wichman aliyesimama pale hataweza kuthibitisha lolote. Utajua wewe peke yako. Nimeishi na jambo kama hilo, najua uzito wake.

Nikifa, mnizike kando ya ukuta wa watawa, miguuni pa Oda. Upanga huu apewe Volrad. Msinijengee kitu.

Nipeni ngao. Mama yangu, imekuwa nzito hivi lini? Mtulizeni farasi. Haya.

Gerburg, mikono nyuma! Usilie, simama hapohapo! Niacheni... niacheni, bado sijaanguka. Volrad. Shika. Nitazame mimi, usiwatazame wao. Shika, mwanangu...

Ah.

Nimekaa. Hakimu, umeona? Sema kwa sauti, wote wasikie. Nani amenigusa? Semeni! Hakuna. Hakuna aliyenigusa.

Volrad, mkono wako bado umekishika kikuku. Na hukulegeza. Mungu aubariki mkono huo... aubariki, na watoto utakaowabeba nao. Baba hakunipa neno hili. Mimi nakupa.

Siioni tena... siioni njia ya zizini. Farasi wamefunguliwa? Nasikia kwato zao.

Gerburg, njoo. Njoo haraka, mwanangu. Sasa unaweza kunishika.