Waliolipa Wafungiwe

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha funguo, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi, na ukipita hapo Jumapili mchana bila kusalimia, ujue utasemwa mpaka ufike kwako. Mguu wake mmoja ulishavunjika, tumeweka matofali. Upande huo wa matofali ndio wangu, mimi na sanduku langu la kushonea viatu, na wenzangu wameniita Soli miaka yote hii bila kuniuliza kama jina nalipenda. Kibanda chenyewe ni cha Kitasa, fundi wa kufuli, aliyepata kazi ya kutengeneza milango ya hoteli katika jiji moja kubwa la ng'ambo, akaondoka na kumwachia mdogo wake. Huyo mdogo tunamwita Kopi: anachonga funguo za kopi, na sura ni ile ile ya kaka yake. Jumapili hiyo Kopi alitoka kibandani na simu mkononi, uso umemshuka, akasema kaka ametuma ujumbe wa sauti tangu asubuhi na yeye hajui amjibu nini. Kosa lake ni kutuambia sisi.

— Anaumwa? aliuliza Mama Vikombe, muuza kahawa wetu, huku anamimina.

— Haumwi. Alikwenda matembezi na wenzake wa kazini.

— Sasa hilo nalo ni la kununia?

— Msikilizeni wenyewe.

Akabonyeza. Sauti ya Kitasa ikatoka, ya chini chini, kama mtu anayeongea ndani ya kabati.

“Mdogo wangu, hujambo? Mimi mwili mzima. Si nilikuambia huku Jumamosi na Jumapili nakaa chumbani natazamana na ukuta? Basi jana wenzangu wa hotelini wakanialika. Yule dada wa mapokezi, mpishi, na kijana wa kompyuta. Wakasema twende tukafurahi. Tukala, tukacheka, hata mimi nikacheka. Kisha wakanipeleka kwenye nyumba moja, tukalipa, tukaingia chumbani, mlango ukafungwa kwa nje. Ka! Dada wa mapokezi akaanza kupiga kelele, jamani, tutatokaje humu! Mpishi anapapasa kuta, kijana anafunua zulia. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku yangu, leo watanijua. Nikamwomba yule dada kibanio chake cha nywele. Kile kitasa, mdogo wangu, hata wewe ungekifungua. Nikasukuma mlango, nikawaambia, haya, tokeni! Hakutoka mtu. Wananitazama tu. Kumbe raha yenyewe ni kufungiwa! Mnatafuta mafumbo yaliyofichwa humo ndani, mnayafumbua pamoja, moja baada ya jingine, mpaka mpate ufunguo. Walikuwa wameingoja siku hiyo mwezi mzima. Mwenye nyumba akaja, akasema mlango ukishafunguka mchezo umekwisha. Ndani ya gari hakuna aliyeongea. Na leo tulikuwa twende wote ziwani. Hakuna aliyenipigia. Kesho nakutana nao kazini. Niwaambie nini? Nijibu, simu ninayo hapa mkononi.”

Mama Vikombe alisahau kumimina.

— Rudisha hapo pa kulipa, alisema Mstaafu.

Mstaafu alikuwa askari magereza. Hadi leo akiingia nyumba ya mtu hutazama kwanza madirisha. Kopi akarudisha, Mstaafu akasikiliza ameinamisha sikio.

— Walilipa.

— Ndiyo, mzee.

— Wafungiwe.

— Ndiyo.

— Wenyewe kwa miguu yao. Bila kesi.

— Bila kesi, mzee.

Akaweka kikombe chini.

— Mimi nimefunga watu ujana wangu wote. Nimefunga wezi, nimefunga matapeli, nimefunga mpaka shemeji yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ahsante! Mmoja tu ndiye aliyenitumia salamu baada ya kutoka, na zilikuwa matusi matupu. Leo unaniambia kuna mji watu wanaingia kwa hela zao?

— Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, alisema Mama Vikombe.

— Mwacheni Musa, alidakia Daktari. Huo ni mtego.

Daktari wetu huuza sumu ya panya. Mgonjwa wake hajawahi kurudi kulalamika, ndiyo maana jina limemkaa.

— Mambo ya mitego niulizeni mimi, aliendelea. Panya humwanzi kwa mtego. Unamwanza kwa chakula. Je, hawakula kwanza? Walikula! Kisha akachekeshwa. Kisha akaingizwa. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Sasa hapo kisima kachimba nani? niliuliza.

— Yeye! Aliyepanda ndege ni nani, wewe?

— Hiyo methali haihusiki, Daktari.

— Methali ni methali, Soli. Haichagui pa kukaa.

Kopi akakohoa.

— Sasa nimjibu nini?

— Ngoja kwanza, tulimwambia. Jambo halijachambuliwa.

Mstaafu alikuwa amekunja uso, na tunajua akikunja uso kuna mtu atapata hatia.

— Daktari amekaribia, lakini hakufika, alisema. Ule ni mtihani. Hoteli ina wageni, wageni wana masanduku, masanduku yana mali. Mwajiri akataka kumjua fundi wake. Akawatuma wale watatu. Na Kitasa afanye nini? Anafungua mlango kwa kibanio! Mbele ya mashahidi! Kesho hakuti salamu pale, anakuta ameshafukuzwa.

— Afukuzwe kwa kufungua mlango, mzee? Si ndiyo kazi aliyoajiriwa?

— Mimi niliwahi kumpokea mpishi aliyefungwa kwa ajili ya kisu. Kisu nacho si kazi ya mpishi?

Kopi akakaa chini kwenye sanduku langu bila kuniomba ruhusa. Alipauka kweli. Ile kazi ya Kitasa ndiyo inayosomesha wadogo zao wawili, hilo mtaa mzima unalijua.

— Mnamtisha mtoto wa watu bure, alisema Mama Vikombe. Nyie wanaume masikio mnayo ya kuning'inizia tu. Hamkumsikia huyo dada wa mapokezi?

— Alipiga kelele.

— Alipiga kelele vipi? Tutatokaje humu! Mwanamke aliyeogopa kweli hasemi tutatokaje. Anasema nitatokaje. Huyo alitaka afungiwe na Kitasa, basi.

— Na mpishi je?

— Shahidi.

— Na kijana wa kompyuta?

— Shahidi wa pili! Nasema hiyo ilikuwa posa. Kule huenda wanawake ndio wanaposa, tutajuaje? Dada wa watu kajipanga mwezi mzima, kasuka nywele zake, kaja. Na Kitasa wetu kaikataa posa hadharani, tena kwa kibanio cha nywele zake mwenyewe!

Hapo tulishika vichwa sote. Hata mimi, ambaye kwa kawaida siamini neno la mtu kabla sijaona soli ya kiatu chake, niliona haya kwa niaba ya Kitasa. Kumrudishia msichana kibanio chake namna ile! Ila sikutaka kushindwa na muuza kahawa, nikatoa langu.

— Hamjui miji mikubwa, niliwaambia. Kule nyumba ni finyu, mtu analala miguu iko jikoni. Hicho chumba cha kulipia ni kikubwa kuliko vyao. Watu wanakwenda kupumua! Ndiyo maana hawakutaka kutoka. Wewe unatolewaje mahali ulipolipa upumue?

— Na mafumbo?

— Mafumbo ya kuwapotezea muda wasimalize hewa yote.

Nilijiona nimesema. Lakini Daktari alikuwa amesimama, na Daktari akisimama huwa hakai mpaka dunia iishe.

— Sasa naliona lote! alisema. Wanazoezwa! Mji mzima! Ipo siku watu wote wataingizwa chini ya ardhi, milango ifungwe, na atakayejua kukaa ndani ndiye atakayepona. Wanaanza na mapokezi, wanakuja wapishi, wanakuja kompyuta. Na Kitasa amewaonyesha kwamba mlango wao unafunguka! Ameharibu mpango wa nchi! Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani, Daktari?

— Huyo huyo anayechimba.

— Jamani, alisema Kopi, nimjibu nini?

— Ngoja, kijana, alisema Mstaafu. Hebu turudi kwenye hewa.

Tulirudi kwenye hewa. Tukatoka kwenye hewa tukaingia kwenye posa, tukatoka kwenye posa tukaingia chini ya ardhi. Mama Vikombe alimimina mpaka birika likaanza kutoa masimbi, yale machicha ya kahawa. Katikati ya ubishi alikuja dada mmoja mgeni, ameshika nusu ya ufunguo, nusu nyingine imebaki mlangoni kwake. Alisema shikamooni, tukamwitikia bila kumtazama, akasimama dirishani pa kibanda akingoja Kopi amhudumie. Alisikia ya Mstaafu, akasikia ya Daktari mara mbili. Mwisho akageuka.

— Samahanini wazee wangu. Huyo mtu aliyeuliza, mmemjibu?

Nani ajibu?

Mstaafu alitazama ndani ya kikombe kisicho na kitu. Mama Vikombe alianza kufuta birika lililokuwa safi. Daktari alisema, “Wahenga walisema kawia...” kisha akaiacha hapo hapo. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akiacha methali njiani. Mimi niliona aibu, nasema kweli. Tangu asubuhi mtu amekaa peke yake chumbani kwenye mji wa watu, ameshika simu, na sisi tunagawana mambo yake kama kashata.

— Nilidhani mnanisaidia nijue la kusema, Kopi alisema polepole.

— Mpigie, alisema yule dada.

Kopi akapiga, akaweka sauti ya nje. Haikuita hata mara mbili.

— Mdogo wangu?

Kopi akamsukumia Mama Vikombe simu, Mama Vikombe akanipa mimi kana kwamba inaunguza. Na mimi niliyebwabwaja mchana kutwa, nikabaki nimeishika tu.

— Haloo? Haloo? Kuna mtu?

— Tupo! tulisema wote kwa pamoja, hata yule dada wa ufunguo, ambaye Kitasa hamjui kabisa.

Upande wa pili tukamsikia anavuta kamasi, mwanamume mzima yule. Mstaafu akanyoosha mkono, akachukua simu kwangu, akasimama wima kama yuko gwarideni.

— Kijana, ni mzee wako hapa, yule wa magereza. Umenisikia?

— Nakusikia, mzee. Shikamoo.

— Marahaba. Kesho ukifika kazini usijifiche. Waombe radhi, waeleze kwamba hukujua. Kisha uwaambie wakufungie tena.

— Tena, mzee?

— Tena. Na safari hii hata mlango ukijifungua wenyewe, kaa ndani na wenzako.