Umekohoa Leo?

Benchi lile lina wenyewe wawili na nafasi ya mpita njia. Liko mbele ya kibanda cha kuchonga funguo, na wakati wa zuio la kutoka nje lilipakwa alama tatu nyekundu ili wakaaji waachane mita moja moja. Benchi zima lina mita moja na nusu, lakini aliyekuja alitumwa kupaka, hakutumwa kupima. Sasa zuio limeondolewa, shule zimefunguliwa, na kahawa imerudi kwenye vikombe vyake. Mwenye kibanda, Fundi Kufuli, alikuwa amekwisha kuharibu vipande viwili vya ufunguo tangu asubuhi, mtu asiyeharibu hata kimoja kwa mwezi. Binti yake wa miaka tisa hajavuka mlango wa nyumba tangu shule zifunguliwe, wiki ya tano hii, na jana barua ilikuja: asipoonekana Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine.

— Wameandikaje hasa? aliuliza Karani, aliyestaafu ofisini miaka sita iliyopita bila ofisi kumtoka.

— "Utoro usio na taarifa."

— Hapo hapo ndipo pa kuwabana! Toa taarifa, uwe utoro wenye taarifa. Nakala tatu, moja ibaki nyumbani.

— Nyumbani ndiko aliko mtoto, Karani.

— Basi asaini kuipokea.

Daktari akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Huyu alilinda geti la zahanati miaka minane, akaondoka na jina hilo na koti moja.

— Achana na karatasi, ndugu yangu. Tatizo ni sabuni. Mtoto amenawa miezi saba mfululizo. Ujasiri wa binadamu uko hapa juu juu kwenye ngozi, ukisugua sana unakwenda na maji.

— Wewe mbona hunawi na mkeo unamwogopa? aliuliza Karani.

— Ule ni ujasiri wa aina nyingine, usichanganye mambo.

— Ni masomo ya redioni, alisema Karani. Miezi saba unafundishwa na mtu asiye na sura. Leo uletewe mwalimu mwenye pua na masikio, hukimbii?

— Basi wamweke mwalimu nyuma ya pazia!

— Au Fundi ang'oe mlango. Pasipo mlango hakuna ndani wala nje. Mtoto atastukia yuko darasani.

Fundi alicheka nao, kisha akaona aibu kwa kucheka. Alipuliza unga wa shaba kwenye ufunguo wa tatu. Mteja wake, mama mmoja aliyeketi kwenye nafasi ya mpita njia na kapu lake mapajani, alikuwa akiungojea.

— Samahani, baba, alisema. Huyo binti alikuwa mwoga tangu zamani?

— Mwoga? Fundi aliweka tupa chini. Mama, yule amekulia miguuni pangu hapa. Kitasa nikifungua mimi, naye anafungua. Zuio lilipoanza nilimfungia, akafungua kwa kipande cha waya. Nikaongeza kufuli, akaongeza waya. Mara tatu nilimkuta uwanjani anaruka kamba, peke yake, uwanja mzima mtupu. Zana zangu zote zikaniishia. Nikawapigia simu hawa wazee.

— Mimi nilisema amtishe kidogo tu, Daktari aliwahi.

— Maneno yalikuwa ya nani? aliuliza mama.

Karani alikikagua kikombe chake.

— Nilimsaidia kuyapanga, alisema. Yalikuwa mafupi na yanaeleweka.

— Nilimwambia, Fundi alisema, "Ukitoka utarudi na ugonjwa. Baba yako atakufa, na utakuwa umemuua wewe." Hakulia. Alikwenda chini ya kitanda, akaniletea zile waya zote mkononi.

— Ilifanya kazi lakini, Daktari alisema kwa sauti ndogo.

— Siku hiyo hiyo. Na ile fomu ya ustawi wa watoto ilipopita, palipoulizwa "Je, mtoto anaonyesha hofu?" nikaandika hapana.

— Ungeandika ndiyo wangekuletea fomu ya pili, alisema Karani, lakini hakuna aliyecheka, hata yeye.

— Sasa jioni nikirudi, namkuta amesimama nyuma ya mlango. Hanisalimii. Ananiuliza, "Umekohoa leo?" Nasema sijakohoa, mwanangu. Ndipo anakwenda kula.

— Hujamwambia kwamba haikuwa kweli?

— Watu walikufa kweli, dada, alisema Daktari.

— Najua, kaka. Nami nilizika wangu. Akageukia kibanda. Lakini siku utakayokohoa, baba, hata kwa huu unga wa shaba tu, atadhani nani kakufanya hivyo?

Karani alijipapasa mfukoni akitafuta kalamu.

Fundi alimkabidhi mama ufunguo wake. Akazima taa ya kibanda, akaanza kushusha mlango wa bati, saa nne asubuhi.

— Ngoja, Fundi, Karani aliita. Usiende hivi hivi. Unaweza kuanza kwa kusema...

— Hapana, Karani. Safari hii usinitungie.

Akaondoka upande wa nyumbani, taratibu, midomo ikimchezacheza kama mtu anayejaribu neno, analiacha, anashika lingine.