Kateni Wavu Wangu

Sogeeni, wanangu, Mathieu na Sabine, mnisikie pumzi ikingali nami. Na mlango ufungeni, maana tangu wenye bunduki waishike Uvira, hata kuta zina masikio.

Nyumba hii ya Kasenga ni yenu wote wawili, msiigombanie. Ninachokiogopa ni ule wavu mkubwa.

Desturi ya babu zetu mnaijua: mvua za kwanza zikinyesha, hakuna avuaye kwenye mlango wa mto, maana samaki wanapanda kutaga mayai. Mwaka wa uhuru mimi, mwalimu niliyefundisha watoto wa watu subira, nilinunua wavu huo nikauziba mlango wote, nikidhani nchi mpya inataka watu wa kuzidisha. Wasemao akiba haiozi hawakuiona yangu: fujo zilifunga njia ya Bukavu, lori la kuwachukua samaki halikuja, wakaoza mchangani, na miaka miwili iliyofuata watoto walisinzia darasani mwangu kwa njaa.

Mjane Sidonie alinicheka mbele ya watu: "Mwalimu, weye unahesabu mpaka elfu, lakini kwenye 'inatosha' haujafika bado!" Kisha akachomeka tete lenye fundo pale mtoni, alama ya kwamba hapavuliwi, akawaomba wakulima wa Rugenge watulishe mihogo mpaka samaki watage, nasi tuwape ndagala, dagaa wa ziwa letu, baadaye. Nyumba tatu zilikubali, kisha saba, kisha pwani nzima, kwa kuwa walioliheshimu tete waliona vyungu vyao havikauki.

Sasa mvua zimeanza, na kamanda wa hao wenye bunduki anataka vikapu ishirini vya samaki Ijumaa. Mathieu, umeutoa wavu. Nimesikia vizito vyake vikigongana uani. Unaogopa watakuua. Hata mimi naogopa, baba. Lakini ukiwapa ishirini watataka arobaini, na wavu ukiwapo hamtaweza kukataa. Ukateni vipande saba, kila nyumba katika zile saba za kwanza ipate chake. Wakiuliza, semeni mzee aliukata mwenyewe kabla ya kufa. Maiti hapigwi risasi.

Mnizike bila ng'ombe, mihogo itatosha. Mungu awafiche... awape cha leo, na cha leo kiwashibishe...

Sabine, mpe kaka yako kisu. Uleteni wavu hapa kitandani... Kata, Mathieu. Sioni tena... kata, nisikie.